Rangi kichwani, chokaa majini: chupa ipi ya kung'oa mabaki kwa nywele zilizotiwa rangi?

Juzi baada ya alasiri aliingia dada mmoja saluni pamoja na shangazi yake. Hata mtandio haujateremka mabegani, akaniambia anataka rangi upya. Ile ya kwanza, damu ya mzee, tulimtia wiki tatu tu zilizopita. Alipofunua nikaona anachosema: nywele zimepauka, zimefanya ukungu kama chemni ya taa iliyopigwa moshi, na ukizishika unadhani umeshika makumbi. Shangazi alikuwa ameshatoa hukumu. "Rangi za siku hizi hazina kitu," akasema. "Hina yetu ilikuwa ikikaa mpaka ichoke yenyewe."

Sikutia rangi. Nilichagua kishungi kimoja nyuma ya sikio, nikakipaka shampuu ya kung'oa chokaa, nikakiacha dakika tatu, kisha nikakisuuza kwa maji ya mvua niliyokuwa nayo kwenye dumu. Nikakikausha. Damu ya mzee ikatokea. Imepungua kidogo, sisemi haikupungua, lakini ipo na inang'aa. Kilichoifunika ni maji ya kisima cha kwao.

"Mai haya haya tunayoogea?" shangazi akauliza.

"Hayo hayo, shangazi."

Swali ninaloulizwa saluni ni lile lile kila wiki: ninunue shampuu gani yenye nguvu, nywele zangu zina rangi lakini zimejaa uchafu? Mimi humrudishia mteja swali lake: unataka kung'oa nini? Chupa zinazoandikwa zinasafisha kwa kina hazifanyi kazi moja, na kwa mtu aliyelipia rangi, kukosea chupa ni kulipa mara mbili.

Mafuta au mawe

Mabaki yanayokaa kwenye nywele ni ya namna mbili. Ya kwanza ni mafuta na vyote vinavyogandana nayo: grisi ya kopo, jeli ya kulazia nywele za mbele, siramu ya kung'arisha yenye silikoni, vumbi, jasho la siku nzima chini ya mtandio, na kwetu sisi moshi wa udi, maana mwanamke wa Lamu hafukizi nguo peke yake. Ya pili ni mawe. Nasema mawe kwa sababu ndivyo yalivyo: kalsiamu na magnesiamu, pengine na chuma au shaba, vilivyoyeyuka ndani ya maji na kuganda juu ya unywele maji yanapokauka.

Nyumba zilizoufanya mji huu utiwe katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001 zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na chokaa. Maji ya visima vyetu nayo yamepita kwenye matumbawe hayo hayo chini ya ardhi, yakaondoka na chembe mbili tatu. Kila unapojimwagia kata unajipiga lipu nyembamba kichwani. Na usidanganyike na neno maji matamu. Maji ya Shela, yanayotoka chini ya vilima vya mchanga na ndiyo yanayounyweshea mji, tunayaita matamu kwa kuwa hayana chumvi. Lakini kukosa chumvi ni jambo moja na kukosa chokaa ni jambo jingine.

Nywele zilizotiwa rangi hushika mawe haya kuliko nywele zisizoguswa. Rangi ya kudumu na blichi hufungua magamba ya unywele, na pale peroksaidi ilipopita, unywele hubaki na chaji hasi nyingi zaidi. Kalsiamu ina chaji chanya. Vinaitana. Ndiyo maana dada mwenye blichi analalamika ncha zimekuwa kamba za usumba, na mdogo wake asiyetia kitu, anayeogea birika lile lile lenye samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, hana habari.

Kujua maji yako yakoje hakuhitaji maabara. Chukua chupa mbili safi za nusu lita. Moja itie maji yako ya kuogea, nyingine maji ya mvua. Parua sabuni ya kipande, ile ya kawaida ya kufulia, kiasi cha ncha ya kijiko kwa kila chupa. Funga, utikise mara ishirini. Chupa ya mvua itasimamisha povu jeupe kama la maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi. Chupa ya maji magumu, yaani yenye chokaa, povu lake hufa, maji yakawa kama tui la pili, na juu kukaelea utando wa vipande vipande. Nilipofanya hivi kwa maji ya kisima cha nyumba tunayokaa Langoni, upande wa mvua povu lilisimama kimo cha kidole, upande wa kisima halikufika kimo cha ukucha. Jaribio hili lifanye kwa sabuni ya kipande tu. Shampuu hutoa povu hata kwenye maji magumu, na hapo ndipo inapotudanganya: tunaona povu, tunadhani tumetakata.

Kama ukoko mweupe umeshika mdomo wa bomba na ndani ya buli, unaweza kuruka jaribio. Jibu unalo tayari.

Chupa kali

Hii ndiyo inayouzwa kila mahali, nayo mara nyingi ndiyo rahisi kwa bei. Mbele imeandikwa clarifying au deep cleansing. Geuza nyuma usome viungo. Viungo hupangwa kuanzia kilicho kingi, kwa hiyo maji yatakuwa ya kwanza, na kinachofuata ndicho kinachoosha. Ukiona sodium lauryl sulfate, ammonium lauryl sulfate au sodium laureth sulfate hapo mbele, na nyuma yake hakuna mengi ya kuilainisha, umeshika chupa kali.

Kwa mafuta haina mpinzani. Mteja aliyefumua misuko ya wiki nane, kichwa kizima grisi na ukoko, hii humtoa kwa kuosha mara mbili. Silikoni nzito kama dimethicone, isiyoyeyuka kwa maji, nayo huisukuma. Kwa mawe, inagusa kidogo tu. Nimeona watu wakiosha mara tatu mfululizo wakingoja chokaa itoke, na kinachotoka ni rangi.

Nami siiiti adui. Wako wanaoitaja salfeti kama sumu, na huko ni kupitiliza. Maji peke yake hutoa rangi: unywele ukilowa huvimba, magamba hulegea, na rangi isiyoshika vizuri huondoka na maji hata bila tone la sabuni. Salfeti kali huharakisha safari hiyo tu. Mimi chupa hii ninayo saluni na naitumia sana, ila naitumia kabla ya rangi. Siku moja au mbili kabla ya kutia, unaosha, hutii mafuta wala siramu, na rangi inaingia sawasawa kutoka shinani mpaka nchani. Baada ya rangi naifungia kabatini. Nikiitoa, ni kwa mwenye rangi ya kudumu nyeusi au kahawia iliyokolea, tena kwa mara moja.

Iliyoandikwa haina salfeti

Hapa niliumia mwenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwaka juzi, siku nne kabla ya Idi, nilijitia rangi ya shaba. Ilinipendeza mpaka nikawa navua mtandio ndani ya nyumba bila sababu. Siku ya tatu nikanunua chupa nzuri, imeandikwa kwa herufi kubwa haina salfeti, ni salama kwa rangi, inasafisha kwa kina. Niliosha nikiwa nimeinamia karai. Maji ya kwanza yalitoka rangi ya chai ya rangi. Ya pili chai ya rangi. Ya tatu nikaacha kutazama. Idi niliisherehekea na nywele za rangi ya kutu.

Nilipotulia nikasoma nyuma. Cha pili baada ya maji kilikuwa sodium C14-16 olefin sulfonate. Kwa jina si salfeti, hilo ni kweli, mwenye chupa hakusema uongo. Kwa kazi, inaosha kwa ukali unaokaribiana na salfeti. Siku hizi nikiona neno bila salfeti naligeuza kama mtu anayegeuza samaki sokoni kutazama mashavu.

Si kila chupa yenye kiungo hicho ni mbaya. Kikichanganywa na vingine vya upole hutulia, na ziko chupa zenye hicho zinazoheshimu nywele. Ninachosema ni kwamba maandishi ya mbele hayatoshi kuchagulia. Hata maneno "imetokana na nazi" hayakuambii kitu. Cocamidopropyl betaine, mojawapo ya viungo vya upole kabisa, hutengenezwa kwa mafuta ya nazi. Sodium lauryl sulfate pia inaweza kutengenezwa kwa mafuta hayo hayo ya nazi, au ya mawese. Mnazi mmoja, watoto wawili, tabia mbalimbali.

Chupa pole

Ukisoma nyuma ukakuta cocamidopropyl betaine, decyl glucoside, sodium cocoyl isethionate au jamaa zao ndio walio mbele, hiyo ni chupa pole. Kwa mwenye rangi ndiyo ya kila wiki. Jasho, vumbi, mafuta mepesi na moshi wa udi huondoka. Grisi ya zamani haiondoki kwa mara moja. Osha mara mbili, ya kwanza ya kulegeza, ya pili ya kutoa. Mawe haiyagusi.

Kuhusu mafuta ya nazi, wengi huyalaumu bure. Nazi huingia ndani ya unywele badala ya kukaa juu tu, na utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa ukiyapaka kabla ya kuosha hupunguza upotevu wa protini. Kinachoziba ni ile grisi ya kopo iliyotengenezwa kwa mafuta ghafi ya ardhini, petrolatum, inayolala juu na kukusanya kila kinachopita. Aliyeacha grisi akarudi kwenye nazi ya kukamua nyumbani, kiasi cha kulowesha viganja tu, chupa pole inamtosha kwa upande wa mafuta. Yule dada wa damu ya mzee ni mmoja wao. Nywele zake hazikuwa na mafuta hata. Zilikuwa na mji.

Chupa ya chokaa

Hii ndiyo wengi hawaijui, nayo ndiyo watu wa visiwani tunaoihitaji kuliko wote. Mbele huandikwa chelating, au hard water, au inataja madini na klorini. Ndani yake kuna kiungo kinachomkumbatia kalsiamu, magnesiamu, chuma au shaba, kikamvua kwenye unywele na kwenda naye na maji. Viungo vya kutafuta ni tetrasodium EDTA au disodium EDTA, phytic acid, sodium gluconate, na asidi ya ndimu, ambayo chupani huitwa citric acid.

Ujanja wake uko hapa. Shampuu nyingi sana, hata ya watoto, ina EDTA mwishoni mwa orodha, karibu na manukato. Hiyo imetiwa kidogo mno, kusaidia shampuu isiharibike, wala haitang'oa chokaa ya mtu. Katika chupa ya chokaa ya kweli kiungo hiki kimepanda juu kwenye orodha, au viko viwili vitatu vya aina hiyo, na maelezo yanakwambia uiache kichwani dakika kadhaa. Shampuu inayojidai kung'oa madini kisha ikasema paka na suuza mara moja, mimi huirudisha rafuni.

Kwa majina: Paul Mitchell wana Shampoo Three, iliyotengenezwa kwa ajili ya klorini na madini. Kinky-Curly Come Clean hutumia phytic acid, na wenye nywele za kipilipili wengi wanaipenda. L'Oréal Professionnel wana Metal Detox, inayolenga hasa metali kama shaba, na wao huisukuma zaidi kwa wasusi kabla na baada ya kutia rangi. Malibu C wa Marekani huuza vipakiti vya chembechembe vyenye vitamini C, unachanganya na maji na kupaka. Zote hizi kuzipata Lamu ni bahati, huagizwa Mombasa au Nairobi na kuja kwa basi mpaka Mokowe, kisha boti. Kwa hiyo kusoma viungo kutakufaa kuliko kukariri majina.

Hivyo vipakiti vya vitamini C vina mtego kwa mwenye rangi. Vitamini C ni nzuri kwa klorini na kwa shaba, lakini pia hulegeza rangi za nusu kudumu. Wako wasusi wanaoitumia makusudi kupunguzia rangi iliyokolea mno. Kama una zambarau, buluu au nyekundu ya nusu kudumu unayoipenda, usianzie hapo. Anzia kwenye shampuu ya EDTA iliyowekwa juu ya viungo vya upole.

Hapo ndipo siri ya kuchagua kwa mwenye rangi ilipo, kwa maoni yangu. Chupa ya chokaa inaweza kuwa imejengwa juu ya salfeti kali, au juu ya betaine. Zote mbili zitang'oa mawe, lakini moja itaondoka na rangi. Angalia vitu viwili: kinachong'oa kiwe juu, kinachoosha kiwe pole. Ukivipata viwili ndani ya chupa moja, lipa, hata ikiwa ni ghali mara mbili ya ile kali, maana utaitumia mara moja kwa mwezi tu.

Zinazoingizwa kwenye kundi hili kimakosa

Shampuu ya zambarau haing'oi kitu. Inaweka rangi: zambarau kidogo juu ya nywele za blichi ili umanjano upungue. Ukiitumia juu ya nywele zenye chokaa, hushika kwa mabaka.

Shampuu ya mba watu huitumia kung'oa mafuta kwa kuwa ni kali. Itang'oa, na rangi pia. Ile yenye selenium sulfide inaweza kubadilisha kabisa rangi ya nywele za blichi. Kama una mba na rangi kwa pamoja, msusi hatoshi, zungumza na mtu wa duka la dawa.

Nyutralaiza ya nywele za dawa ni jambo jingine tena. Kazi yake ni kuzima dawa, na nyingi hubadilisha povu kuwa la waridi ili ujue dawa bado imo. Usiibane ifanye kazi ya chokaa.

Ndimu na siki ni za kwetu, nami nazikubali kwa kiasi. Asidi huyeyusha chokaa, hilo hata buli linajua. Kijiko kimoja cha siki ndani ya nusu lita ya maji ya mvua, ukasuuzia mwisho, hulaza magamba na kuleta mng'aro. Lakini haifiki kwenye chokaa ya miezi, na ndimu tupu juani hupausha nywele zenye rangi na kuuma utosi. Magadi na sabuni ya kipande viweke mbali. Vyote vinafungua magamba, na sabuni ya kipande kwenye maji magumu inaacha utando ule ule ulioelea chupani kwenye jaribio.

Rangi gani, chupa gani

Rangi ya nusu kudumu, hasa nyekundu, ndiyo dhaifu. Mwenye nayo akae na chupa pole, na chupa ya chokaa yenye viungo vya upole kila baada ya wiki sita hivi. Chupa kali asiiguse mpaka siku anayotaka rangi itoke. Na kwa kuwa josho haliachwi kwa ajili ya rangi, nywele zetu hulowa mara nyingi kuliko vitabu vya saluni vinavyodhani. Mimi huwaambia wateja mapema kuwa nyekundu kwetu hukaa muda mfupi, wasije kunidai.

Rangi ya kudumu huvumilia zaidi. Ngoja siku tatu baada ya kutia ndipo uoshe, kisha chupa pole kwa wiki na chupa ya chokaa kwa mwezi. Blichi ndiyo inayokunywa mawe kuliko zote, kwa hiyo chupa ya chokaa ni lazima, tena kabla ya kila kutia rangi mpya: shaba na chuma vikibaki ndani ya unywele, peroksaidi huchacha navyo, unywele ukaungua na rangi ikatoka siyo.

Hina ni mtu mwingine. Rangi yake hushikana na protini ya unywele wenyewe, na hakuna shampuu ya kung'oa itakayoitoa. Itang'oa ukungu ulio juu yake tu, na wekundu ukarudi. Mwenye hina safi achague chupa yoyote kwa uchafu alionao. Lakini kama unga ulionunua una rangi nyeusi au umeandikwa hina nyeusi, simama. Baadhi ya unga huo una chumvi za metali ambazo zikikutana na blichi huchemka kichwani. Nyingine, kama piko tunayochorea mikono, zina PPD, kiungo kile kile cha rangi nyingi za kudumu. Aliyewahi kutoka malengelenge kwa piko mkononi asije kwangu kutaka rangi nyeusi ya boksi. Nitamkatalia, na tuchukiane.

Malindi si Lamu

Nilifanya kazi Malindi miaka miwili, nikashangaa malalamiko ni mengine. Maji ya mfereji kule huletwa kutoka Baricho, kando ya mto Sabaki, ingawa nyumba na hoteli nyingi zina visima vyao. Wateja wangu wengi walikuwa wafanyakazi wa hoteli na wageni, na shida yao kubwa ilikuwa vidimbwi vya kuogelea. Dada wa blichi anaingia kidimbwini Jumamosi, Jumatatu anakuja na nywele zenye kijani cha mwani. Wote husema ni klorini. Klorini hupausha, ndiyo, lakini kijani ni shaba, inayotoka kwenye mabomba au dawa ya kuua mwani, na klorini huisaidia kushika. Kwa huyo chupa kali ni kazi bure. Chupa ya chokaa humtoa, pengine kwa mara mbili.

Kinga yake haina gharama: lowesha nywele kwa maji safi kabla ya kuingia, ili zishibe zisinywe ya kidimbwi.

Bahari nayo inaonewa. Chumvi ya bahari hutoka kwa kusuuza maji yasiyo na chumvi tu, haihitaji shampuu yoyote kati ya hizi. Kinachofifisha rangi ya mwenye kuogelea Shela au Silversands ya Malindi ni jua, na jua halina shampuu.

Ukishainunua

Lowesha nywele barabara kwanza. Shampuu ya chokaa ipake kuanzia utosini, iteremshe kwa viganja, usizisugue kama unafua. Dakika tatu mpaka tano, kisha suuza. Usuuzaji wa mwisho fanya kwa maji ya mvua, hata lita mbili tu, la sivyo unaondoa chokaa ya jana na kupaka ya leo. Walio Pate na Faza wenye jabia, yale mabirika ya kukingia mvua, wana bahati ya utajiri wasioujua. Halafu kondishena nzito, stimu dakika kumi na tano ukiweza, maana nywele zilizovuliwa kila kitu zinakuwa na kiu.

Nunua chupa ndogo. Chupa ya mililita 250, ukitumia kama mililita 15 kwa mwezi, itakaa zaidi ya mwaka mmoja, na nyuma ya chupa pana alama ya kopo lililofunguliwa lenye maandishi kama 12M: miezi kumi na miwili tangu ulipoifungua. Mdogo wangu alinunua lita nzima kwa kuwa kwa hesabu ya dukani ilikuwa rahisi, na sasa anaoshea mazulia.

Yule dada aliondoka na kichwa kilichooshwa na hakutia rangi. Nimempa wiki nyingine tatu ndipo tuongeze shinani. Shangazi alibaki nyuma akifunga mtandio polepole, akangoja mwenzake ateremke ngazi.

"Na mimi hina hainishiki mvi za mbele," akaninong'oneza. "Naweka usiku kucha, asubuhi mvi ziko pale pale zinanitazama."

Nikamuuliza anapaka nini kila siku. Grisi ya kopo, akasema, kidogo tu, ya kulaza. Nikamshusha kitini, nikafungua kabati, nikatoa chupa kali.